Mikanda ya Jaketi Okozi: Ukaguzi, Ukarabati na Uimarishaji Wake

Jaketi okozi, yaani vazi la kuelea linalovaliwa na abiria, baharia au mvuvi ili kichwa chake kibaki juu ya maji, lina kazi mbili ambazo mara nyingi huchukuliwa kuwa moja. Kazi ya kwanza ni kuelea, na hiyo hufanywa na povu gumu la plastiki lililofungiwa ndani ya kitambaa. Kazi ya pili ni kumshika mvaaji asiachane na povu hilo, na hiyo hufanywa na mikanda, mishono na mabizimu, yaani vile vishikizo vya plastiki au chuma vinavyounganisha ncha mbili za mkanda. Povu likiwa zima na mkanda ukakatika, jaketi litaelea vizuri kabisa, ila litaelea peke yake. Kwa hiyo ukaguzi unaoishia kuhesabu majaketi yaliyomo chomboni, bila mkaguzi kuishika mikanda kwa mkono wake na kuivuta, umekagua nusu tu ya kifaa, tena ile nusu isiyoharibika upesi.

Watu wa Afrika Mashariki hawahitaji kuhadithiwa madhara ya ajali za majini. Kivuko cha Mtongwe kilizama Mombasa mwezi Aprili 1994. MV Bukoba ilizama katika Ziwa Victoria karibu na Mwanza tarehe 21 Mei 1996. MV Spice Islander I ilizama kati ya Unguja na Pemba mwezi Septemba 2011, ikafuatwa na MV Skagit karibu na kisiwa cha Chumbe mwezi Julai 2012, kisha MV Nyerere karibu na kisiwa cha Ukara mwezi Septemba 2018. Baada ya misiba ya namna hii watu huzungumza, na ni haki wazungumze, juu ya vyombo kujazwa kupita kiasi na juu ya idadi ya majaketi, lakini hali ya majaketi yenyewe hupata nafasi ndogo katika mazungumzo hayo. Aidha, ngalawa inayopinduka na watu watatu, au mtumbwi wa dagaa usiorudi alfajiri, mara nyingi haufiki hata gazetini. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba watu wapatao 300,000 walikufa maji duniani mwaka 2021, na zaidi ya tisa katika kila kumi kati yao walikuwa katika nchi za kipato cha chini na cha kati, yaani nchi ambazo jaketi moja hutumika miaka mingi na kupita katika mikono mingi kabla ya kutupwa.

Ili kuelewa kwa nini mkanda hubeba mzigo mkubwa kuliko unavyoonekana, yafaa kwanza kutazama nguvu zinazofanya kazi majini. Nguvu ya jaketi kuelea hupimwa kwa nyutoni, kipimo ambacho nyutoni 10 zake ni karibu sawa na uzito wa kilo moja. Jaketi la mtu mzima la matumizi ya bahari ya wazi kwa kawaida huwa na nyutoni 150, yaani linaweza kuinua takriban kilo 15. Lile la nyutoni 100 hufaa maji yaliyotulia zaidi, na vazi la nyutoni 50 ni la kumsaidia tu mtu anayejua kuogelea na aliye karibu na msaada. Kilo 15 zinatosha kwa sababu mwili wa binadamu, ukiwa umezama, huwa na uzito mdogo sana, na kinachohitaji kuinuliwa hasa ni kichwa na shingo. Lakini nguvu hiyo husukuma juu mfululizo, wakati mwili unavuta chini, na kila wimbi linapopita jaketi hujaribu kupanda kuelekea masikioni na kumtoka mvaaji kichwani. Kinacholizuia ni mkanda wa kifua, mkanda wa kiuno na, pale ulipo, mkanda unaopita kati ya miguu.

Mzigo huo ni mdogo ukilinganishwa na ule wa ghafla. Mtu anayeruka kutoka ubavuni mwa meli, umbali wa mita 4.5 kwenda chini, hugonga maji akiwa na mwendo wa karibu kilomita 34 kwa saa. Mwili wake huendelea kuzama ilhali jaketi hukataa, na tofauti hiyo yote huishia kwenye mishono. Mzigo wa tatu huja wakati wa kuokolewa, pale mwokoaji anapolishika jaketi mabegani na kumvuta mtu aliyelowa, mwenye nguo zilizojaa maji, hadi ndani ya boti. Hapo mwili haubebwi tena na maji, bali uzito wake wote huning'inia kwenye kitambaa na mikanda.

Ndiyo maana masharti ya kimataifa yanaidai mikanda kuliko yanavyolidai povu. Mkataba wa Usalama wa Maisha Baharini, ambao kwa mara ya kwanza uliandikwa mwaka 1914 baada ya kuzama kwa Titanic na ambao toleo lake la 1974 ndilo linalotumika hadi leo pamoja na marekebisho yake, unasimamiwa na Shirika la Bahari Duniani, na majaketi yanayoidhinishwa chini yake hupitia majaribio maalumu. Mtu anatakiwa aweze kuruka kutoka mita 4.5 huku amelishika jaketi lake, asiumie, na jaketi lisihame mahali pake; na sehemu inayolifunga jaketi mwilini huvutwa kwa nyutoni 3,200 kwa muda wa dakika 30 bila kuharibika. Nyutoni 3,200 ni sawa na kutundika karibu kilo 320 kwenye jaketi ambalo povu lake linahitaji kuinua kilo 15 tu. Tofauti hiyo si anasa ya wataalamu. Ni akiba ya nguvu iliyowekwa makusudi kwa sababu mkanda hudhoofika kila siku unapokaa juani.

Jua ndilo adui mkuu. Mikanda mingi hufumwa kwa nyuzi za nailoni, poliesta au polipropilini, ambazo zote ni aina za plastiki, na mionzi ya urujuanimno, yaani ile sehemu ya mwanga wa jua isiyoonekana kwa macho lakini yenye kuunguza ngozi, hukata minyororo ya molekuli inayoipa plastiki nguvu. Polipropilini isiyotiwa dawa ya kuikinga huharibika upesi zaidi, na kwa bahati mbaya ndiyo iliyo rahisi bei. Nailoni ina nguvu lakini hunywa maji, hulegea inapolowa na hurefuka. Poliesta hunywa maji kidogo sana na huvumilia jua kuliko hizo nyingine mbili. Katika pwani ambayo jua huwaka karibu mwaka mzima, jaketi lililotundikwa juu ya paa la boti kwa misimu michache huweza kuonekana zima huku mkanda wake ukiwa umepoteza sehemu kubwa ya nguvu zake za awali.

Chumvi hufanya kazi yake kimyakimya. Maji ya bahari yakikauka ndani ya mfumo wa mkanda huacha chembe ngumu zenye kingo kali, na kila mkanda unapokunjwa chembe hizo husaga nyuzi kutoka ndani, mahali ambapo jicho halifiki. Bizimu au pini ya chuma cha kawaida hushika kutu, na kutu hula uzi ulio karibu nayo. Panya hutafuna mikanda iliyo ghalani, hasa ikiwa imeshika harufu ya samaki. Mafuta ya injini huharibu povu na baadhi ya vitambaa. Tena ipo desturi ya kuyafanya majaketi mito ya kukalia, desturi inayoumiza povu zaidi ya mkanda, maana povu likishindiliwa kwa muda mrefu hupungukiwa na hewa iliyomo ndani yake na halirudi kuwa kama lilivyokuwa.

Ukaguzi mzuri hauhitaji chombo chochote ila mikono, mwanga na subira. Mkaguzi huushika mkanda na kuukunja kwenye kidole kidogokidogo kuanzia ncha moja hadi nyingine, akitazama mgongo wa mkunjo. Mkanda mzima huonyesha mfumo uliobana na wenye rangi moja, lakini uliochoka huonyesha manyoya mengi yaliyosimama, na ukisuguliwa kwa ukucha hutoa unga mweupe. Akifika mahali ambapo mkanda hupita ndani ya bizimu, hulegeza na kuusogeza, kwa kuwa sehemu iliyokuwa imefichwa haikupigwa na jua na rangi yake ya asili bado ipo. Tofauti ya rangi kati ya sehemu hiyo na ile iliyo wazi ni shahidi mkweli wa madhara yaliyokwisha kutokea, na pale ambapo rangi ya machungwa imegeuka kuwa nyeupe iliyofifia, mkanda huo ubadilishwe wote na usishonwe kiraka. Baada ya hapo huvuta kila mshono kwa nguvu za mikono miwili akiangalia kama nyuzi zinaachana, kisha hufunga na kufungua bizimu mara kadhaa: bizimu zima hutoa mlio mkavu linapojifunga na halifunguki likivutwa, bali lile lenye ufa, hata ufa mwembamba kama unywele, halifai kuaminiwa.

Kabla ya kushika sindano, fundi hana budi kujua ni jaketi gani linaloruhusiwa kushonwa. Majaketi ya meli na boti za abiria ni vifaa vilivyoidhinishwa, na vyombo hivyo vipo chini ya mamlaka za usafiri majini, yaani TASAC kwa Tanzania Bara, Mamlaka ya Usafiri Baharini kwa Zanzibar na Mamlaka ya Bahari kwa Kenya. Mkanda wa jaketi kama hilo ukikatika, ama jaketi libadilishwe, ama lirudishwe kwa mtengenezaji au kituo kilichoidhinishwa naye, kwa sababu mshono mpya wa mtaani hufuta dhamana ya majaribio yote yaliyofanywa kiwandani. Majaketi ya kujazwa hewa nayo yasiguswe kabisa na sindano, kwani ndani yake mna mfuko ambao tundu moja tu linatosha kuumaliza. Hali iko hivyo hivyo kwa majaketi ya kizamani yaliyojazwa sufi, ile pamba laini ya msufi ambayo pwani hutiwa katika mito na magodoro. Sufi huelea vizuri mno ikiwa kavu, ndiyo sababu ilitumiwa baada ya majaketi ya gome la koki, lakini hufungwa katika mifuko ya plastiki, na mfuko ukitobolewa sufi hulowa na kuzama.

Koki yenyewe ina historia inayostahili kukumbukwa. Mwaka 1854 nahodha John Ross Ward wa chama cha waokoaji cha Uingereza alibuni jaketi la vipande vya koki vilivyoshonewa kwenye kitambaa, na tarehe 9 Februari 1861, boti ya waokoaji ya mji wa Whitby ilipopinduliwa na dhoruba, aliyepona alikuwa mmoja tu, Henry Freeman, ambaye peke yake alikuwa amevaa jaketi hilo jipya. Koki na sufi zimepita, na povu limechukua nafasi yake, lakini jaketi bado hufungwa mwilini kwa mkanda na uzi.

Linalobaki kwa fundi, basi, ni jaketi la povu la mvuvi, la mwenye mashua ndogo, au la mtu binafsi, ambalo povu lake bado ni zima na kitambaa chake hakijaoza. Kitu cha kwanza cha kuchagua ni uzi. Uzi wa pamba, hata uwe mnene kiasi gani, haufai, kwa sababu unyevunyevu huuozesha na ukungu huula. Unaofaa ni uzi wa poliesta ulio mnene, wa aina inayotumiwa kushonea maturubai na mahema, na ule wa nailoni wa mafundi viatu huweza kushika nafasi yake pale poliesta isipopatikana. Mkanda mpya uwe wa poliesta, wenye upana ule ule wa bizimu, ambao kwa majaketi mengi ni milimita 25 au 38, maana mkanda mwembamba kuliko bizimu huteleza, na mpana kuliko bizimu hujikunja na kuliwa kingo. Ncha yake ikatwe na kuyeyushwa kidogo kwa moto ili nyuzi zisifumuke, kazi ambayo ifanywe mbali na jaketi lenyewe, kwa kuwa povu hushika moto upesi na moshi wake ni sumu.

Jambo linalotofautisha ukarabati wa kweli na ule wa kudanganya macho ni namna mshono unavyopokea mvuto. Vipande viwili vya mkanda vilivyolazwa kimoja juu ya kingine, kila kimoja kikavutwa kuelekea upande wake, husababisha nyuzi zote za mshono zibebe mzigo kwa pamoja, na mshono wa namna hiyo huwa na nguvu za kushangaza. Lakini mkanda ukishonwa kwenye ukingo wa jaketi kisha ukavutwa kwa kuinuliwa juu, mzigo wote huangukia uzi wa kwanza peke yake. Huo ukikatika huangukia wa pili, na mshono mzima hubanduka kama ganda la ndizi, ijapokuwa uzi ni ule ule na fundi ni yule yule. Kwa hiyo fundi mwelevu hutazama kwanza mkanda utavutwa kuelekea wapi jaketi likiwa mwilini, ndipo aulaze kwa mwelekeo huo huo. Hushona sehemu iliyolaliana yenye urefu wa milimita 50 hadi 75, akipiga mraba kuzunguka kingo zake na mistari miwili ya mshazari inayokatana katikati, kisha hurudia mstari mfupi mara tatu kwenye ncha inayopokea mvuto. Kila tundu la sindano liachane na jingine kwa karibu milimita tatu, kwa sababu matundu yaliyosongamana huukata mkanda badala ya kuushika.

Cherehani ya kawaida, ikiwekewa sindano nene na kuzungushwa polepole kwa mkono, huweza kupenya tabaka mbili za mkanda wa wastani, lakini tabaka tatu huzishinda cherehani nyingi. Fundi viatu mwenye msharasi, ile sindano yake ya mpini ya kutobolea ngozi, hufanya kazi hiyo vizuri zaidi, hasa akitumia uzi uliopakwa nta na kurudi nyuma hatua moja kwa kila hatua mbili anazokwenda mbele, ili uzi ukikatika mahali pamoja mshono uliobaki usifumuke. Wapo wavuvi wanaojishonea wenyewe kwa uzi wa nyavu, na ikiwa nyavu hizo ni za nailoni na mshono umepangwa kwa namna iliyoelezwa, hawakosei.

Uimarishaji hupita ukarabati. Majaketi mengi ya bei ndogo yana mikanda mifupi iliyoshonwa mbele tu, ubavuni kwa kila upande, hivyo nguvu zote huishia kwenye kitambaa chepesi. Dawa yake ni kupitisha mkanda mmoja mrefu unaozunguka mwili wote, ukishikiliwa mgongoni na ubavuni kwa vitanzi vilivyoshonwa kwenye kitambaa. Mzigo huzunguka ndani ya mkanda wenyewe, na mishono hubaki na kazi nyepesi ya kuuzuia usihame. Mkanda wa pili, ambao wengi huuona kero, ni ule unaotoka mgongoni, ukapita kati ya miguu na kufungwa mbele kiunoni. Huo ndio unaolizuia jaketi kupanda, na kwa mtoto hauna mbadala, kwa kuwa mabega yake ni membamba, hana kiuno cha kukamatia mkanda, na jaketi lisilofungwa chini humtoka kwa wimbi la kwanza. Mwisho wa kila mkanda unaopita kwenye bizimu la kurekebishia urefu ukunjwe mara mbili na kushonwa, upate uvimbe utakaogoma kupita endapo mkanda utateleza.

Kazi ikiisha, ijaribiwe kabla haijaaminiwa. Fundi hufunga mkanda, huchora mstari kwa wino mahali unapoingia kwenye bizimu, kisha hutundika mfuko wa saruji wa kilo 50 kwenye mkanda huo kwa nusu saa. Mstari ukisogea, bizimu linateleza. Nyuzi zikionyesha nafasi kati yake, mshono ufumuliwe na kurudiwa. Jaribio hili liko mbali na nyutoni 3,200 za maabara, wala haliligeuzi jaketi kuwa kifaa kilichoidhinishwa, lakini hufichua mshono mbovu nchi kavu badala ya majini. Hatimaye jaketi livaliwe na kufungwa kama kawaida, mtu mwingine alishike mabegani na kulivuta juu, na likipita kidevu cha mvaaji, mikanda ifupishwe. Halafu lijaribiwe kwenye maji ya kina kifupi, pembeni akiwepo mwogeleaji hodari.

Utunzaji ni mfupi kueleza na ndio unaosahauliwa. Jaketi lisuuzwe kwa maji baridi baada ya safari ya baharini, bila klorini wala petroli, likaushwe kivulini penye upepo, si juu ya injini, na litundikwe mahali panapofikika upesi, kwani jaketi lililofungiwa stoo kwa kufuli halimwokoi mtu. Na ikiwa mkanda utakatika safarini, kamba ifungwe juu ya jaketi kuzunguka kifua, na nyingine ipitishwe kati ya miguu na kufungwa kwenye ile ya kwanza. Fundo hupunguza nguvu za kamba na mkanda kwa kiasi kikubwa, kwa hiyo hiyo ni njia ya kufika nchi kavu tu, na jaketi lililofungwa hivyo lisirudi majini mpaka limeshonwa.

Nahodha anayehesabu majaketi kabla ya kung'oa nanga, awe wa jahazi, wa boti ya abiria au wa mtumbwi wa dagaa, alivute kila moja kwa mikono yake, na lile ambalo mshono wake unatiliwa shaka asilihesabu kabisa.